Uhakiki wa Vitabu Kanda ya Ziwa Uache Kuwa Risala

Kitabu kipya kikitoka Mwanza hupokelewa kwa utaratibu uleule: ukumbi, mgeni rasmi, mnada wa nakala ya kwanza, na mtu mmoja aliyeombwa "akizungumzie kitabu". Mtu huyo hupewa nakala siku mbili tatu kabla ya shughuli. Husimama, hutaja idadi ya sura, husimulia kila sura imebeba nini, husifu lugha nyepesi, hupongeza jitihada za mwandishi na kuketi. Wiki inayofuata maneno yaleyale husambazwa kwa jina la uhakiki. Msomaji wa Buhongwa au Kirumba anayetaka kujua kama atoe shilingi 15,000 zake huwa ameelezwa yaliyomo, lakini hajaambiwa kama kitabu kinafanya kile kinachodai kufanya.

Hapo ndipo uhakiki unapoanzia. Kila kitabu kina ahadi. Riwaya ya upelelezi inaahidi fumbo linaloweza kufumbuliwa na msomaji makini. Mwongozo wa ufugaji unaahidi kwamba anayeufuata hatapoteza mtaji wake kwa ujinga. Kitabu cha historia kinaahidi kwamba kilichosemwa kimetoka mahali panapojulikana. Kazi ya mhakiki ni kuikagua ahadi hiyo kwa vipimo vya aina husika, kisha kueleza kwa namba za kurasa wapi imetimia na wapi imevunjwa. Anayepima vitabu vyote kwa "lugha tamu" na "mafunzo mengi" hajapima chochote.

Tuanze na riwaya, maana ndizo nyingi, na wahakiki wetu wengi hudhani hazina cha kukaguliwa kwa sababu "ni za kubuni". Mwandishi ana uhuru wa kubuni watu na visa. Akishasema kisa kinatokea Igogo mwaka 1978, amejifunga mwenyewe kwa Igogo na kwa 1978. Miswada inayohusu ziwa letu, Viktoria, huvunjika mahali palepale kila mara, na mhakiki wa huku anapaswa kupajua kama kiganja chake.

La kwanza ni kuligeuza ziwa kuwa bahari. Waandishi wengi wamejifunza kueleza maji kutoka vitabu vya pwani, kwa hiyo mhusika wao anasimama Capri Point akisubiri maji yapwe, anavuta upepo wa chumvi, au anapumzika chini ya safu ya minazi ufukweni. Ziwa halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, na maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi. Kuna jua pia. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba yake, hivyo anayetazama majini jioni analiona jua likizama upande huo. Bukoba iko ukingo wa magharibi, na huko jua huchomoza kutoka ziwani. Riwaya inayowaweka wapendanao ufukweni Bukoba wakitazama jua likizama majini imeandikwa na mtu asiyewahi kusimama pale.

La pili ni uvuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa kwa taa, zamani karabai na sasa za sola, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi mpevu ukiangaza, mvuto wa taa hufifia na wavuvi wengi hutumia siku hizo kupumzika na kushona nyavu. Sura nzima ya mabishano ndani ya mtumbwi, taa zikiwaka, mwezi ukiwa umejaa "kama sahani", inamwambia kila mvuvi kwamba mwandishi hajui anachosema.

La tatu ni tarehe. Mhakiki awe na orodha yake fupi. Reli ilifika Mwanza 1928. Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika 1966. Sangara alipandikizwa ziwani upande wa kaskazini katika miaka ya 1950 na 1960, akaja kutawala nyavu za huku miaka ya 1980, kwa hiyo bibi anayekaanga sangara Ukerewe mwaka 1955 hawezekani. Magugumaji yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000. Mikoa ya Geita na Simiyu ilianza 2012, na kabla ya hapo Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini 2008. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na riwaya yoyote yenye kisa cha kabla ya hapo inayompeleka mtu Sengerema kwa njia hiyo ni lazima imsubirishe kivuko. Kusubiri huko, kwa mwandishi mzuri, ni zawadi: kwenye foleni ya kivuko watu hukutana, hugombana, huibiana.

Sasa, kosa la namna hii lina uzito gani? Hapa mhakiki anahitaji busara, maana kuhesabu makosa madogo na kumaliza ukurasa nayo ni uvivu wa aina nyingine. Swali la kuuliza ni kama kisa kinaning'inia kwenye kosa hilo. Minazi miwili ufukweni ni doa. Itajwe kwa sentensi moja au iachwe. Lakini ikiwa mtuhumiwa anaokolewa mahakamani kwa sababu alionekana Mwanza saa nane mchana na Nansio, kisiwani Ukerewe, saa tisa, kwa meli ya kawaida inayochukua karibu saa tatu, basi fumbo lote limeanguka, na msomaji aambiwe hivyo bila kufichwa. Kinyume chake nacho kisemwe. Mwandishi aliyeyatumia maji ya 2020, yalipopanda kufikia kiwango kisichoonekana tangu 1964 na kufunika mialo ya kushushia samaki, akayafanya yasukume familia yake ya kubuni kuhama na kugombea kiwanja, amefanya kazi ambayo haifanyiki kwa kukaa mezani tu. Sifa ya namna hiyo ina maana kuliko "hongera" kumi.

Namna ya kuyanasa haya ni nyepesi, ila inataka muda. Riwaya isomwe mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, kwa kasi ya msomaji wa kawaida, ili mhakiki ajue wapi alichoka, wapi alishindwa kuweka kitabu chini. Mara ya pili kwa karatasi yenye safu nne: ukurasa, jina la mhusika na umri wake, siku au mwaka, na jambo lililotokea. Kwa riwaya ya kurasa 200 karatasi tatu au nne zinatosha. Karatasi hizo ndizo zinazomfichua Bahati wa sura ya tatu aliyegeuka Baraka katika sura ya tisa, mimba ya miezi kumi na mitatu, na shangazi aliyezikwa ukurasa wa 60 akapika chai ukurasa wa 112. Makosa ya aina hii yameongezeka kwa sababu waandishi wengi sasa hujichapishia wenyewe na hulipia kompyuta na kiwanda lakini hawalipii mhariri. Mhakiki aliseme hilo waziwazi: kitabu hakikuhaririwa. Ni maelezo ya haki zaidi kuliko kusema mwandishi hana kipaji.

Mazungumzo nayo yapimwe kwa sikio. Wahusika wa Magu na Misungwi wanaopewa maneno mawili matatu ya Kisukuma ili "wanoge" husalimiana Mwangaluka jioni, wakati hiyo ni salamu ya asubuhi na Mwadila ndiyo ya mchana na jioni. Kibaya kuliko hicho ni mazoea ya kumpa kila Msukuma katika riwaya lafudhi ya kuchekesha na kazi ya mlinzi. Mhakiki anayeishi hapa akinyamaza juu ya jambo hilo, hakuna wa mbali atakayelisema.

Tukija kwenye vitabu visivyo vya kubuni, hatari inabadilika. Riwaya mbaya inampotezea msomaji jioni mbili. Mwongozo mbaya unamfilisi au unamwua. Vijitabu vya kufuga sato kwenye vizimba ziwani vimekuwa vingi, na karibu vyote hujengwa juu ya jedwali moja la faida. Mhakiki achukue kikokotoo na alifanye upya. Tuseme jedwali linasema: vifaranga 5,000, kila samaki nusu kilo, mavuno kilo 2,500. Hesabu hiyo haina kifo hata kimoja. Weka hasara ya asilimia 20, ambayo si jambo la ajabu kwa mfugaji mpya, wanabaki 4,000. Wavune wakiwa na gramu 400, uzito wa kawaida wa sokoni baada ya miezi sita hadi minane, unapata kilo 1,600. Kilo 900 zimeyeyuka kabla hujataja bei. Kisha tafuta chakula. Samaki wa kizimbani hula takribani kilo moja na nusu ya chakula cha viwandani ili kuongeza kilo moja ya uzito, kwa hiyo kilo 1,600 zinataka si chini ya kilo 2,400, sawa na mifuko 96 ya kilo 25, bila kuhesabu kilicholiwa na waliokufa. Chakula ndicho hubeba zaidi ya nusu ya gharama zote. Kijitabu kinachokiweka kwenye mstari mmoja wa "matumizi mengineyo" hakifai kuuzwa, na mhakiki aandike hivyo akiambatanisha hesabu yake ili msomaji airudie mwenyewe.

Baada ya hesabu, yaangaliwe maji. Je, mwandishi anaeleza kwamba upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti huvuruga matabaka ya ziwa, na kwamba maji ya chini yenye oksijeni kidogo yakipanda, samaki walio huru hukimbia lakini wa kizimbani hawana pa kwenda? Anasema kizimba kiwekwe kwenye kina gani, umbali gani kati ya wavu na tope la chini? Anataja kibali cha mazingira na namna ya kukiomba, au anaishia kwenye "fuata taratibu za serikali"? Maswali matatu tu, yanajibiwa kwa kupekua kurasa chache, na yanatenganisha mwandishi aliyefuga na aliyenakili.

Vitabu vya afya vinataka ukali zaidi. Kwa watu wa mwambao, kipimo cha haraka ni ukurasa wa kichocho. Ukikuta kitabu kinashauri kuchemsha maji ya kunywa kama kinga kuu ya kichocho, kifunge na uonye watu. Kuchemsha kunasaidia dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevuta mtumbwi. Kinga ni kupunguza kugusa maji yenye konokono, kutumia vyoo ili mayai yasifike ziwani, na kumeza prazikwanteli inayotolewa na wahudumu wa afya. Mwandishi aliyekosea hapo amekosea kwenye ugonjwa mkongwe unaojulikana vyema kando ya ziwa hili, na ushauri wake juu ya kisukari au presha hauna sababu ya kuaminiwa zaidi.

Historia ina uchungu wake. Watu wengi wa Mwanza, Bukoba na Ukerewe wana ndugu aliyepotea majini, na vitabu juu ya ajali za ziwani havipaswi kuhakikiwa kwa maneno ya rambirambi. Mv Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na idadi ya waliokufa hutajwa kwa namba zinazotofautiana kwa mamia. Sababu inaeleweka: abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. Kitabu kinachotoa namba moja tu, bila kusema imetoka kwa nani na kwa nini nyingine zipo, kinawafanyia dharau waliozikwa Igoma na wale wasiopatikana kabisa. Kwa Mv Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, taarifa rasmi ni vifo 228 kwenye chombo cha abiria 101. Hapo mwandishi hana kisingizio cha kuandika "watu wengi". Mhakiki achague madai kumi yanayoweza kuthibitishwa, yaliyotawanyika mwanzo hadi mwisho wa kitabu, ayafuatilie moja moja. Yakiwa sahihi tisa au yote, amwamini mwandishi kwa mengine kwa kiasi cha haki. Yakianguka matatu, aseme ni matatu na ayataje. Na simulizi za wazee, ambazo ni hazina ya kanda hii, ziwe na jina au maelezo ya msimuliaji, kijiji, na mwaka wa mahojiano. "Wazee wanasema" haimpeleki mtafiti ajaye popote.

Kitabu cha mapishi kihakikiwe jikoni. Chagua mapishi matatu, jepesi, la kati na gumu, uyafuate neno kwa neno bila kutumia ujuzi wako. Panapoandikwa "chumvi kiasi" sawa. Panapoandikwa "maji kiasi" kwenye ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, si sawa, maana unga huo hunyonya maji tofauti na wa mahindi na anayejifunza ataharibu. Kuna kitabu kitakachokuambia uloweke matobolwa na kuyapika muda mrefu kama michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa, na hutafunwa yalivyo, na karanga ukipenda. Aliyevichanganya hajala wala hajapika.

Mashairi ya kimapokeo yanapimika kwa vidole: kwa kawaida mizani kumi na sita kwa mshororo, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho. Anayehesabu akumbuke kwamba "Mwanza" lina mizani mbili na "mtumbwi" tatu, kwa kuwa hiyo "m" ya mwanzo inasimama peke yake. Baada ya kuhesabu, na hapo ndipo wengi wanapoishia, aulize kama ubeti una wazo au umejazwa "jamani" na "kwa kweli" ili kutimiza idadi. Vitabu vya watoto visomwe kwa sauti mbele ya watoto wenyewe, na mhakiki aandike wapi walikwama na wapi waliacha kusikiliza. Riwaya za mapenzi nazo zina haki ya uhakiki kamili. Kinachoziangusha zaidi ni vikwazo visivyo na nguvu, wapendanao wanaotenganishwa kurasa 80 na kutoelewana ambako simu moja ingekumaliza.

Kurasa za mwanzo, zile ambazo kila mtu huziruka, zisomwe kwanza. Je, kuna ISBN ya tarakimu 13, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba? Mchapishaji ni nani na anapatikana wapi? Ni toleo la kwanza au ni kitabu cha zamani chenye jalada jipya? Mwaka wa kuchapwa pia haulingani kila mara na mwaka wa kuandikwa, na Ukerewe inao mfano mkubwa kuliko yote: Aniceti Kitereza alimaliza simulizi yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mhakiki aliyeisoma kama kazi ya 1980 aliisoma vibaya. Ndivyo ilivyo leo kwa tafsiri na kwa miswada iliyokaa kabatini: tarehe zote mbili zitajwe.

Kuhusu jalada na karatasi, sentensi moja inatosha, lakini iwepo. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi dhaifu huachia kurasa kikifunguliwa kwa nguvu katikati. Kama ni cha kwenda maktaba ya shule, hilo ni jambo la bajeti.

Uhakiki wenyewe uwe wa maneno 800 hadi 1,200. Muhtasari usizidi robo yake, na kwa riwaya usivuke theluthi ya kwanza ya kisa. Viwekwe angalau vifungu viwili vya mwandishi mwenyewe, kimoja kikionyesha ubora wake na kingine udhaifu, kila kimoja na ukurasa wake, maana msomaji ana haki ya kuonja lugha kabla hajaambiwa ni tamu au chungu. Kisha hukumu, kwa sentensi ambayo haiwezi kuhamishiwa kitabu kingine. "Kinafaa kwa rika zote" inahamishika popote. "Kinamfaa anayeanza kizimba kimoja, akiruka sura ya nne yenye hesabu za faida" haihamishiki.

Mwisho kuna suala la nani anahakiki nani. Mji wetu ni mdogo kwa waandishi. Wanafahamiana, wengine wamesoma pamoja, wengine wanadaiana. Haiwezekani kuwapata wasiojuana, ila inawezekana kutangaza. Mhakiki aandike chini ya makala yake kama kitabu alikinunua au alipewa, kama alikihariri, kama ni ndugu au mfanyakazi mwenza wa mwandishi. Asipokee malipo kutoka kwa anayehakikiwa, hata nauli ya kwenda uzinduzini. Na aliyeombwa kuzungumza ukumbini azungumze, ni heshima, lakini asichapishe maneno hayo kama uhakiki. Akitaka kuhakiki, asome tena akiwa nyumbani, bila mgeni rasmi.

Makosa aliyoyakuta ayapange kwenye ukurasa mmoja: ukurasa, mstari, kilichoandikwa, kinachopaswa kuwa, na anajuaje. Nakala hiyo aitume kwa mwandishi na mchapishaji kabla makala haijatoka, awape wiki mbili za kujibu. Wakionyesha kwamba ni yeye aliyekosea, afute. Wakikiri, aandike kwamba wameahidi kurekebisha, na toleo la pili likitoka alinunue, afungue kurasa zilezile, na awaambie wasomaji kama zimerekebishwa.